Safari ya Nusu Debe

"Huyo unayemwachia mtoto wako," Racho alisema bila kugeuza kichwa, "wake mwenyewe alimwacha porini ndio aokoe punda."

Walikuwa kwenye foleni ya bomba katika mtaa wa Wabera, Isiolo, saa tatu asubuhi, mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao bomba lilikohoa zaidi ya kutoa maji. Racho alikuwa na sauti yake ya siri, ile inayowafikia watu watano kila upande.

Hawo alisukuma debe lake mbele kwa mguu. "Nani amekuambia?"

"Nani hajui? Mimi na yeye ni watu wa Sericho. Ule ukame wa sabini na moja alitoka huko na watoto wawili, akafika hapa na mmoja. Na punda. Hesabu piga wewe, si ndiye uliyesoma?"

Wanawake wawili nyuma yao walicheka kwenye ncha za mitandio.

"Labda mtoto alikufa na ugonjwa."

"Labda," Racho akasema. "Na mimi labda ni mke wa DC."

Hawo alilisukuma debe tena. Alikuwa na miaka ishirini, na mtoto mmoja, Umulkheir, wa miezi tisa, ambaye wakati huo huo alikuwa amelala kwenye mkeka wa Batula, nyumba ya tatu kutoka bombani. Mume wa Hawo alisindikiza ng'ombe Nairobi kwa malori ya watu, na kwa mwezi alilala nyumbani siku nne, tano zikizidi. Aliyemfundisha Hawo kumkanda mtoto tumbo kwa samli, na kujua kilio cha njaa na kilio cha hasira, alikuwa Batula. Hakukuwa na mwingine.

Siku hiyo alirudi na maji akitembea haraka kuliko kawaida, mpaka yakammwagikia shingoni. Alimkuta Umi ameamka, anatafuna kidole cha Batula kwa ufizi.

"Tafuna, tafuna, mwizi wewe," Batula alikuwa akimwambia. "Kikikatika, nguo za watu utafua wewe."

Hawo alimchukua mtoto, akamnusa shingo. Alikuwa mzima. Alinukia moshi na maziwa, kama siku zote.

*

Mtaani Batula aliitwa Mama Wako, kwa jina la mwanawe wa pekee, kijana wa miaka kumi na minane aliyechunga ngamia wa watu upande wa Leparua. Wako alikuja mjini wakati wa Idi. Alimsalimia mama yake akiwa amesimama mlangoni, akaweka nyama chini, akaondoka kabla chai haijachemka. Batula aliinywa ile chai mwenyewe, vikombe viwili.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, wa kucheka kwa mkono mdomoni. Alifua nguo katika nyumba za walimu wa sekondari tangu alipofika Isiolo. Chumba chake kilikuwa kimoja, cha udongo na mabati, na kwenye kona ya chumba hicho kulikuwa na nyumba nyingine. Miti mirefu iliyopindwa kama mbavu, na mikeka yake, vimefungwa pamoja kwa kamba za ngozi. Ni nyumba ya kusafiri, inayobebwa na mnyama, ambayo mama yake alimpa alipoolewa. Haikuwahi kusimamishwa Isiolo hata siku moja, lakini kila Ijumaa aliipangusa vumbi. Umi alipenda kuvuta ncha za zile kamba, na hapo tu ndipo Batula alipompiga kofi la mkono, dogo, la kuonya.

Chumbani mle kulikuwa na mchezo pia, nao aliupata kwa kuanika nguo.

Mmoja wa walimu aliowafulia alikuwa msichana wa kizungu aliyekuja kufundisha kwa kujitolea miaka miwili. Kila Jumamosi wenzake watatu walimjia, wakaketi barazani tangu chai ya saa nne hadi jua la alasiri. Batula alidhani wanasali, kwa sababu mmoja alisema na wengine wakaitikia. Baadaye akadhani wanagombana. Ilimchukua miezi kuelewa kwamba yule mmoja alikuwa akiwapeleka wenzake mahali. Aliwaambia wako wapi, wameona nini, kisha akawauliza: mnafanya nini? Wao wakajibu, wakarusha dadu, na dadu likasema kama wamefaulu.

Yule msichana alipoondoka, mwisho wa mwaka wa themanini na tatu, alimwachia Batula sufuria, chandarua na lile sanduku la mchezo. Ndani kulikuwa na vitabu viwili vyembamba na madadu ya plastiki ambayo Isiolo haikuwahi kuona, moja likiwa na pande ishirini, tarakimu zake zimejazwa rangi nyeupe ya nta. Batula alizijua tarakimu. Herufi hakuzijua. Ndipo alipomtafuta Hawo, aliyefika darasa la saba.

Walianza wawili. Kisha akaja Racho, kwa kutaka kujua kinachochekesha. Kisha Kinanu, mama Kithinji, mke wa muuza miraa, mwanamke wa Kimeru mwenye mabega mapana aliyetoka kanisani na kuingia kwa Batula bila kubadilisha nguo. Walikutana baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na waume wakiwa hawapo, na kabla ya alasiri kila mmoja alikuwa amerudi jikoni kwake. Mchezo waliuita safari, na Batula wakamwita mwenye safari.

Kitabu kilikuwa na safari iliyotungwa tayari. Ngome juu ya mlima, chini ya ngome mapango, na katika pango la mwisho joka limelalia dhahabu. Hawo alisoma kwa kidole, Kiingereza kikimkwama kooni, akatafsiri.

"Hilo joka linakula nini?" Racho akauliza.

"Watu, wanasema."

"Na siku watu hawapiti?"

Hawo aliangalia ukurasa wa pili. "Hawajasema."

"Basi ni uongo. Kila mnyama ana malisho."

"Na dhahabu linalalia ya nini?" Kinanu akasema. "Hata kuku analalia kitu cha kutotoa!"

Walicheka hadi Umi, aliyekuwa na wiki chache tu duniani, akaamka akilia. Batula alimbeba akamtingisha, akafikiri. Siku iliyofuata joka lilikuwa mamba mzee wa Ewaso Nyiro, jicho moja limepofuka. Ngome ilikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, na dhahabu imekuwa mbuzi arobaini weupe waliopotea. Mapango hakuyagusa, wala milango yake, wala hesabu ya maadui. Mifupa ni ya kitabu, nyama ni yake.

Na ilinoga. Kinanu alikuwa shujaa mwenye upanga, "kwa sababu panga ninalo nyumbani, nalijua." Racho alikuwa mwizi, na aliwaibia hata wenzake. Hawo alikuwa mganga. Siku moja mganga aliteleza ukingoni mwa mto, mamba akafungua kinywa, na dadu likaanguka kwenye mbili. Racho alikuwa akimfokea Kinanu, hakuna aliyeangalia. Batula alipitisha mkono kama anayefukuza nzi, na kidole chake cha mwisho kikaligeuza dadu.

"Kumi na nane!" akasema. "Mamba amekosa!"

Hawo aliona. Batula aliona kwamba Hawo ameona. Tangu siku hiyo Hawo alikiangalia kile kidole, akakiona kikifanya kazi mara kwa mara, kwa Kinanu, kwa Racho, hata kwa mbuzi. Katika nyumba ya Batula hakuna aliyekufa.

*

Siku chache baada ya maneno ya bombani, kitabu kiliisha. Mamba aliuawa, mbuzi wakagawanywa, Racho akapata kumi na watano kwa njia ambazo hakueleza.

"Turudie," Racho akasema. "Mamba awe simba."

"Nguo ya mtumba hata ukiipunguza," Batula akajibu, "mabega yanabaki ya mtu wa kwanza. Nataka kushona yangu."

"Shona. Lakini isitubane."

Batula alikaa wiki nzima. Kinanu alikuwa amekwenda kwao Meru kwa matanga, kwa hiyo siku Batula alipowaita walikuwa wawili tu, Hawo na Racho. Juu ya kipande cha katoni alikuwa amechora kwa mkaa mstari mmoja mrefu. Upande huu kijiwe, ndiyo Sericho. Upande ule kijiwe, ndiyo Garbatula. Katikati hakuchora kitu.

"Safari hii mchezaji ni mmoja," akasema. "Wengine wanaangalia. Dadu analirusha mwenyewe, na halishikwi mpaka wote tulione."

Umi alikuwa mapajani mwake. Alisema akimpigapiga mgongo, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Wewe ni mama. Ng'ombe wamekwisha. Mume ametangulia kutafuta kazi. Mna siku tatu njiani. Nyuma anakuja mama mkwe wako, anatembea mwenyewe. Una mvulana wa miaka mitano na msichana wa miaka miwili, na wewe una homa, mgongo wako hauwezi kubeba mtoto mbali. Punda amebeba nyumba na watoto wote wawili. Maji yamebaki nusu debe. Garbatula ni siku mbili. Asubuhi unamwamsha punda, punda hainuki. Unafanya nini?"

Racho alimtazama Hawo, akainua nyusi. Hawo aliinamisha macho kwenye katoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni njia ya nani.

Na hapo hapo Hawo alielewa Batula alikuwa akitafuta nini. Alitaka kujua kama palikuwa na njia. Kama mtu yeyote angefika Garbatula na wote, basi njia ilikuwapo na Batula hakuiona. Kama hakuna atakayefika, basi haikuwapo, na mtu hawezi kulaumiwa kwa njia ambayo haipo. Miaka kumi na mitatu alikuwa amejiuliza mwenyewe, na sasa alitaka vichwa vya wengine.

Hawo ndiye aliyeanza. Aliwapa watoto maji yote. Punda akakataa kuinuka. Akambeba msichana mgongoni, mvulana akatembea. Dadu: nne.

"Saa nane mchana mvulana anakaa chini," Batula akasema.

"Nawabeba wote wawili."

Dadu: tatu.

Hawo alikitafuta kile kidole. Kilikuwa ndani ya ngumi.

"Basi," Batula akasema. "Mmekufa." Neno hilo halikuwahi kusemwa chumbani mle. Alilitamka kama anayesikia nafuu kidogo, na Hawo akafurahi kwamba amekufa.

Racho alivuta katoni karibu. "Lete. Wewe una moyo wa siagi. Maji ninampa punda, nusu. Mama mkwe wangu aliniambia, mnyama anayebeba ndiye mama wa safari. Si ndivyo walivyotufundisha sote? Punda anainuka?"

Dadu: kumi na moja.

"Anainuka akipunguziwa mzigo mmoja. Watoto wawili hawezi."

"Basi yule mdogo namlaza chini ya mgunga." Racho aliipanga kanga yake begani. "Kivuli kizuri. Namwambia, mama anarudi. Twende."

Hakuchukua muda wa kumeza mate. Alirusha tena, akapata kumi na nne. Alifika Garbatula na mvulana na punda na nyumba.

"Nimeshinda," akasema.

"Ulirudi?" Batula akamuuliza.

"Wapi?"

"Mgungani."

"Kurudi na nini, na kumi na nne yangu imeisha? Fisi wa huko hawangoji mtu. Ah, Mama Wako, ni mchezo. Usiniangalie hivyo."

Batula alimwangalia hivyo kwa muda mfupi tu. Kisha akapangusa mate ya Umi kwa kiganja. Mmoja amekufa na wote, mmoja amefanya alichofanya yeye. Usiku ule, Hawo alifikiri, pengine Mama Wako atalala.

*

Kinanu alirudi kutoka Meru baada ya siku nne, na mkungu wa ndizi na habari za matanga. Aliketi, akavua viatu, akasimuliwa safari mpya. Wenzake wawili hawakumwambia ni njia ya nani. Hawo alitaka kumwambia, lakini Racho alimkanyaga mguu.

Batula alisema yale yale, kwa maneno yale yale, na Umi mapajani vile vile. Punda amebeba nyumba na watoto wawili. Nusu debe. Punda hainuki. Unafanya nini?

"Ngoja," Kinanu akasema. "Amebeba nini tena?"

"Nyumba na watoto wawili."

"Nyumba kama hiyo?" Alionyesha kona kwa kidevu.

"Kama hiyo."

Kinanu aliinuka. Alikuwa amebeba kuni kwa kamba ya kichwani tangu utoto, na mzigo aliupima kwa kuushika. Alikwenda konani, akainua ncha moja ya furushi, akaiachia. "Woi! Hii ni mizigo miwili ya kuni. Basi natupa hii kwanza."

"Unatupa nini?" Batula akauliza.

"Nyumba. Kwani si ni miti? Nabakisha mkeka mmoja wa jua. Watoto wote juu ya punda, maji tugawane na yeye. Twende."

Racho aliigeukia ile kona. Hawo naye akageuka. Alikuwa amehesabu maji, akahesabu watoto, akahesabu mgongo. Nyumba hakuihesabu. Racho mwenyewe, na ubaya wake wote, alikuwa ametupa mtoto kwanza. Wote watatu walizaliwa kwenye nyumba zinazotembea, na katika nyumba hizo mwanamke anayehama habebi nyumba kama anavyobeba kuni. Nyumba ndiyo yeye. Akifika mahali bila nyumba, amefika kama nani? Hata mkwewe hatajua amkaribishe wapi. Ilibidi aje mtu ambaye nyumba ya mama yake haijawahi kusogea hatua moja tangu ijengwe, aone miti.

"Mtu hatupi nyumba," Batula akasema.

"Kwa nini?"

Batula alitafuta sababu. "Mama mkwe wako yuko nyuma. Ataiona imelala njiani. Atasema nini?"

"Aseme! Kwani yeye ndiye punda?"

Alirusha dadu. Liligonga ukuta, likarudi, likasimama.

Kumi na saba.

Batula aliliangalia. Hawo aliona kile kidole cha mwisho kikitoka kwenye ngumi, kikatangulia kidogo juu ya mkeka, kuelekea kwenye dadu. Kilitaka kuligeuza, safari hii kwa upande wa kifo. Kisha kikarudi.

"Punda ameinuka," akasema.

Siku ya pili Kinanu alipata kumi na mbili. Batula akasogeza kijiwe cha Sericho mpaka kikagusa cha Garbatula.

"Tumefika wangapi?"

"Wote."

Kinanu alipiga makofi. "Kumbe ilikuwa rahisi! Nyinyi mlikuwa mnahangaika na nini?"

Nje mtu alikuwa akitwanga yale mahindi ya manjano ya msaada, kinu kikaenda mara tatu, mara nne. Ndipo Racho aliporudisha macho kutoka kwenye kona. Aliyarudisha taratibu, akatabasamu.

"Na wewe, Mama Bile," akasema, "miti ulibeba?"

Isiolo nzima hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Batula aligeuka kama mtu aliyeguswa begani kwenye umati.

"Bile ni nani?" Kinanu akauliza. Alimtazama Hawo. Alitazama katoni, akatazama kona, na mkono wake ukaenda mdomoni wenyewe. "Ngai. Mama Wako. Mimi sikujua."

"Nilibeba," Batula akasema.

"Yote?" Racho akauliza.

"Yote. Na mikeka."

"Racho, nyamaza," Hawo akasema. "Juzi hata wewe ulimwacha."

"Mimi niliacha mtoto wa maneno. Huyu aliacha wa nyama."

Hawo alikuwa amempenda Batula kuliko alivyompenda mama yake mzazi. Baadaye alijikumbusha hivyo mara nyingi, lakini haikumsaidia. Kwa sababu alichofanya ni kuinuka, kuinama, na kumtoa Umi kwenye mapaja yale. Hakuamua. Mikono ndiyo iliyokwenda. Batula hakumzuia. Alifungua tu mikono yake, pande zote mbili, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaiba kitu.

*

Racho alilipeleka neno hilo bombani asubuhi iliyofuata, na sasa lilikuwa na miti ndani yake. Punda peke yake haikuwa habari tena. "Mtoto chini, miti juu!" alisema, na watu walishika vichwa. Baada ya siku tatu watoto wa mtaa walikuwa wakimfuata Batula njia ya nyumba za walimu, kila mmoja na kijiti begani, wakitembea wameinama kama waliobeba mzigo mkubwa. "Nyumba! Nyumba! Usitupe nyumba!" Batula alipita na karai lake la nguo. Mara moja kijiti kimoja kilimpata kisogoni.

Kinanu alipeleka ndizi, akaziacha mlangoni, akakimbia. Hawo hakupeleka kitu. Alimfunga Umi mgongoni akaenda naye foleni, juani, na kila walipopita kwenye mlango ule Umi alinyoosha mikono miwili akalia kilio cha hasira. Hawo alikijua. Alifundishwa na nani?

Siku ya kumi na moja alikwenda kuchukua kikombe cha mtoto, kile cha bati chenye mdomo, kilichobaki kule. Ndivyo alivyojiambia.

"Salaam aleikum, Mama Wako."

"Aleikum salaam. Ingia. Kikombe kiko juu ya sanduku, nimekiosha."

Chumba kilikuwa na nafasi kuliko zamani. Furushi la konani lilikuwa limeburutwa mpaka katikati, kamba zake za ngozi zimepakwa vumbi jipya, na begani kwa Batula, kanga ilipoteleza, palikuwa na mchubuko mrefu, mwekundu.

"Nimeipima," Batula akasema. "Jana alfajiri, kabla ya watu. Niliibeba mpaka bombani na kurudi. Mama Kithinji alisema kweli. Ni nzito."

Hawo alisimama na kikombe mkononi. Umi alikuwa akijinyonga mgongoni, anataka kushuka.

"Nilirudi," Batula akasema. "Watu hawasemi hilo. Siku ya nne, na maji. Nilipata shanga zake za kiuno." Alisema kama anayetaja kilichopungua kwenye nguo alizofua. "Mama mkwe alinisifu. Alisema mwanamke mwingine angefika bila nyumba."

"Mama Wako, wacha sasa."

"Keti."

Hawo aliketi. Batula alikuwa ameshatandika katoni, vijiwe viwili, na katikati hakuna kitu. Lakini alikuwa amekaa upande wa wachezaji. Mkeka wake mwenyewe, ule wa mwenye safari, ulikuwa mtupu, na dadu limewekwa juu yake. Hawo aligundua ameketi hapo.

Alifungua kanga mgongoni. Umi alitambaa moja kwa moja, akapita juu ya katoni, akakiangusha kijiwe cha Sericho, akafika kwenye goti la Batula akalishika. Batula hakumgusa. Aliweka mikono nyuma yake na kumtazama Hawo.

"Mimi kila siku nauliza," akasema. "Sijawahi kuulizwa. Wako hajaniuliza, mume wangu hakuniuliza mpaka akafa. Niulize wewe. Anza asubuhi ile, punda hainuki. Mimi nitajibu, nitarusha. Na wewe nakujua, Mama Umi, una moyo wa siagi, na kidole changu ulikiona. Dadu likianguka vibaya, usiligeuze. Na likianguka vizuri, pia usiligeuze."